Jezi ya Collingwood: niitupe ao niiache?

Mwezi wa pili 2021 yaya yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Shepparton, mji wa matunda ulio kaskazini ya Melbourne, Australia. Yeye alifika huko na watoto kama wakimbizi wengi wa kwetu walivyofika, na kazi yake ni kuchagua na kupanga matunda kwenye kiwanda. Sauti yake haikuwa ya kawaida: «Dogo, weye njo unasomaka sana. Mutoto iko na jezi ya Collingwood, anailala nayo. Sasa ku televizyo banasema ile ekipe ni ya ubaguzi. Niitupe ao niiache?»

Nilikuwa sijui Collingwood ni nini. Nilidhani ni ekipe ya rugbi. Nikamwambia anipe siku mbili, nikanunua mega, nikaanza kusoma. Yale niliyoyakuta ndiyo naandika hapa, kwa sababu yananirudia kila mara ninaposikia watu wanabishana juu ya ekipe, chama ao hata fakilte yao iliyotajwa vibaya kwenye habari.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Mpira wa Australia si futboli yetu na si rugbi. Uwanja ni kama yai, mpira pia ni kama yai, kila upande una wachezaji 18, wanatumia mikono na miguu. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne. Ukipiga mpira ukapita kati ya zile mbili ndefu, unapata pointi 6. Ukipita pembeni, pointi 1. Ndiyo, unakosa na bado wanakupa pointi. Mimi pia nilicheka.

Collingwood ilianzishwa 1892 katika mtaa wa wafanyakazi wa Melbourne. Jezi yake ni mistari myeusi na myeupe, na alama yake ni ndege mweusi na mweupe ambaye mtu wa Lubumbashi angemdhania kunguru wetu. Nyeusi na nyeupe, kunguru... wana-Mazembe mmeshaelewa kwa nini nilianza kuipenda kabla sijajua lolote. Ni ekipe yenye watu wengi kuliko karibu zote kule, na ambao si wake wanaichukia kwa bidii. Gazeti likiandika Collingwood, linauzika, iwe imeshinda ao imeanguka. Shikeni hiyo, nitairudia.

Kilichonishika zaidi ni jina. Mtu aliyekuwa katikati ya mambo yote anaitwa Héritier Lumumba. Alizaliwa Rio de Janeiro 1986, mama ni Mbrazili, baba ana asili ya Kongo na Angola, na yeye alikulia Australia. Mpaka mwishoni mwa 2013 wote walimjua kama Harry O'Brien, ndipo akarudia jina lake. Aliichezea Collingwood tangu 2005 mpaka 2014, michezo 199, na alikuwa uwanjani ekipe ilipochukua kombe la 2010. Yeye amesema kwamba kwa miaka mingi ndani ya ekipe walimwita jina la utani la sokwe. Wachezaji wenzake kadhaa wa zamani walikuja kuthibitisha kwamba walilisikia. Si mtaani, si kwa mashabiki wa upande mwingine. Ndani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Mwezi wa tano 2013 shabiki wa Collingwood, msichana wa miaka 13, alimwita Adam Goodes nyani. Goodes alikuwa nyota wa Sydney, ni Mwaborijino, yaani mtu wa wale wenyeji wa asili wa Australia. Prezida wa Collingwood, Eddie McGuire, aliteremka usiku uleule kumwomba msamaha, na watu wakamsifu. Siku chache baadaye McGuire huyohuyo, akiwa redioni, akafanya mzaha wa kumfunganisha Goodes na tangazo la King Kong. Lumumba, akiwa bado mchezaji wake, alimpinga hadharani. Fikirini: kijana mweusi anamkosoa prezida wa ekipe inayomlipa mshahara. Mwaka uliofuata ulikuwa wa mwisho wake pale.

Baada ya hapo ukawa ukimya mrefu, na ukimya huo hausemwi vya kutosha. Watu wanapenda kusema vyombo vya habari viliishambulia Collingwood. Lakini kwa miaka kadhaa vyombo hivyohivyo vilimtazama Lumumba kama mtu mgumu, mtu wa ajabu. 2017 ilitoka filamu juu yake, *Fair Game*, na kipindi kimoja kikubwa cha televisheni kikamhoji kana kwamba yeye ndiye mshitakiwa. Baadaye watangazaji wa kipindi hicho wakamwomba msamaha. Ni 2020, baada ya George Floyd kuuawa Marekani na Lumumba kusema tena, ndipo Collingwood ilipoomba uchunguzi wa nje. Maprofesa Larissa Behrendt na Lindon Coombes waliufanya. Lumumba alikataa kushiriki.

Ripoti iliitwa *Do Better*, kama kusema «Fanyeni vizuri zaidi». Ilikamilika mwisho wa 2020 na ikabaki ndani. Tarehe 1 mwezi wa pili 2021 ikavuja kwenye gazeti. Ilisema kwamba kulikuwa na ubaguzi wa kimfumo, kwamba yale ambayo ekipe inasema inayasimamia na yale inayoyatenda ni vitu viwili, na kwamba mtu aliyelalamika alilipa bei kubwa kuliko aliyekosa. Siku ileile McGuire aliita wanahabari akasema ni siku ya kihistoria na ya kujivunia. Hapo ndipo moto ulipowaka. Wachezaji wakaandika barua ya wazi ya kuomba msamaha. Tarehe 9 McGuire akajiuzulu, wakati alikuwa amepanga kuondoka mwisho wa msimu huo.

Sasa mashabiki. Yaya yangu alikuwa amezungukwa nao, na kila siku alinipigia kuniambia nani kasema nini. Nilimpa kazi kama vile mkuu wa utafiti anavyotuma mwanafunzi kwenye tereni, akanitukana kidogo, lakini alifanya.

Jirani yake, mzee ambaye tangu utoto anaifuata ekipe, alikuwa na neno moja: kwa nini sisi tu? Ekipe zingine nazo zina mambo, mbona hakuna anayezichunguza? Sitamcheka huyu mzee. Nimeshawaambia kwamba habari ya Collingwood inauzika. Mtu aliyeona maisha yake yote ekipe yake ikifanywa kichwa cha habari kwa kila kosa dogo, siku kosa kubwa likija anaona ni yaleyale. Ana sababu. Lakini tazameni vizuri swali lake: halijibu kama jambo ni kweli ao si kweli. Linahama tu. Ni kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi kwenye mtihani anayemwambia profesa: «Na ule wa nyuma je?» Huenda ule wa nyuma naye ana karatasi. Na wewe unayo.

Halafu mzee alimpenda prezida wake. McGuire aliingia 1998, ekipe ikiwa chini kabisa, akaitafutia pesa, akaiinua, 2010 wakapata kombe. Hapa kwetu hatuhitaji maelezo marefu. Nani anataja Mazembe bila kumtaja Moïse Katumbi, prezida tangu 1997? Shabiki wa namna hiyo, ukigusa prezida, umegusa nyumba yake. Ila kitu kimoja kilinichekesha. McGuire mwenyewe ni mtu wa televisheni na redio, ndiye aliyekuwa akiongoza mchezo wa maswali ya milioni kule Australia. Kwa hiyo mzee aliposema «wanahabari wanatuonea», nilitaka kumuuliza: wapi, hawa ambao prezida wako ni mmoja wa wakubwa wao?

Mwenzake wa kazini alikuwa na maoni mengine, na haya ndiyo yaliyomuumiza yaya. Alisema: yule Lumumba alikuwa na matatizo yake, alikuwa hajui mzaha, na sasa anachafua ekipe yetu. *Ekipe yetu.* Yaya aliirudia mara mbili kwenye simu. Mwanamke huyo si mbaya, alimsaidia kupata nyumba, aliwapeleka watoto hospitali. Alisema hivyo wakiwa wanakula pamoja, bila kumtazama. Yaya hakujibu. «Ningejibu nini, dogo? Nilimeza mkate.»

Mimi niliwaza sana juu ya neno hilo «yetu». Mtu aliyecheza michezo 199, aliyebeba kombe, siku anafungua mdomo anakuwa mgeni anayechafua. Yule ambaye hajawahi kugusa mpira anakuwa mwenye nyumba. Ndivyo mapenzi ya ekipe yanavyofanya kazi: unaona rangi, huoni tena watu waliovaa rangi. Na kabla hatujawahukumu Waaustralia, tujiulize mtu akisema jambo baya juu ya chama chetu, swali letu la kwanza ni gani. Ni «ni kweli?» ao ni «nani amekutuma?»

Kulikuwa na wengine waliosema ni mambo ya zamani, yaachwe. Hao niliwajibu haraka. Mwaka 1993, kwenye uwanja wa zamani wa Collingwood, mashabiki wa ekipe hiyo walimtukana Nicky Winmar, Mwaborijino wa St Kilda. Mchezo ulipoisha alinyanyua jezi akaonyesha ngozi ya tumbo lake kwa kidole. Wapiga picha waliinasa, na picha ile inajulikana Australia nzima. Siku zilizofuata, prezida wa Collingwood wa wakati ule alisema hadharani kwamba Waaborijino wataheshimiwa wakijiendesha kama wazungu. Miaka 20 baadaye, Goodes. Miaka 8 baada ya Goodes, ripoti. Mambo ya zamani hayana tabia ya kurudi kila mara kwa mguu uleule.

Na kulikuwa na kundi la nne, ambalo sikulitazamia. Mwalimu wa mtoto, mwenye kadi ya uanachama tangu akiwa kijana, alimwambia yaya: «Tulijua.» Si kwamba walijua jina lile la utani. Walijua kelele za uwanjani, walizisikia Jumamosi kwa Jumamosi, wakatazama mpira. Hakurudisha kadi yake. Alisema akiirudisha, watakaobaki kupiga kura ndani ya ekipe ni wale wasioona shida. Sijui kama ana haki. Lakini ni yeye peke yake, kati ya wote ambao yaya alinisimulia, aliyesema neno juu ya masikio yake mwenyewe.

Basi, siku mbili zikapita na nikampa yaya jibu langu. Nilikuwa na hasira, jina la Lumumba lilikuwa limenipanda kichwani, nikamwambia: tupa. Nilitoa na sababu, kwa kirefu, kama mtu anayetetea mémoire. Akanyamaza. Akasema: «Umesoma vizuri. Lakini haujamuuliza mwenye jezi.»

Mwenye jezi alikuwa na miaka 11. Nilisahau kabisa kwamba anaweza kuwa na maoni. Ile jezi ndiyo iliyomfanya achaguliwe kwenye timu ya shuleni wakati Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuokoteza. Mama yake alimweleza mambo yote, hata jina la sokwe, na sijui kama mimi ningeweza kumwambia mtoto jambo hilo. Alisikiliza, akauliza: huyo Lumumba alivaa jezi gani? Akajibiwa: hii. Akauliza: na kombe alichukua na jezi gani? Hii. «Basi ni ya kwake,» akasema, akaenda kulala nayo.

Nilikaa na jibu hilo usiku mzima. Mimi msomi nilikuwa nimefanya kosa la yule mwanamke wa kiwandani, upande wa pili tu: nilikubali kwamba jezi ni ya McGuire.

Tarehe 30 mwezi wa tisa 2023 Collingwood ilicheza fainali na Brisbane mbele ya watu zaidi ya 100,000. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliangalia kwenye simu, nimejifunika blanketi, mtandao unakata kila dakika tano. Walishinda 90 kwa 86. Baadaye yaya alinitumia picha: mtoto ana miaka 13, amenizidi urefu, jezi ileile imekuwa fupi mpaka tumbo linaonekana. Chini aliandika: «Anataka ingine. Na bei yake, dogo, weye njo utalipa, ulisema tutupe hii.»