Mwendo, Madhara na Matarajio ya Uvimbe wa Mishipa ya Limfu: Muktadha wa Kibaha na Kisarawe

Katika lugha ya kila siku ya Mkoa wa Pwani, mgonjwa anayefika zahanati akiwa na homa, kutetemeka kwa baridi na maumivu ya kinena hueleza kuwa ana mtoki. Neno hilo ni sahihi, ila linataja mwisho wa safari tu. Mtoki ni tezi iliyovimba. Kilichotangulia ni uvimbe wa mishipa ya limfu, yaani njia zinazorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na mara nyingi chanzo chake ni kidonda kidogo cha unyayo.

Kibaha na Kisarawe, kama ilivyo katika ukanda wote wa pwani, suala hili halitenganishwi na matende na mabusha. Minyoo ya Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu, huishi ndani ya mishipa hiyo kwa miaka kadhaa na kuitanua hadi ishindwe kusukuma majimaji. Hapo ndipo inapopasa kupambanua mashambulio mawili. Mnyoo mpevu anapokufa, mshipa huvimba kuanzia kwenye tezi kushuka chini, ukawa mgumu kama uzi. Hali hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe. Shambulio la bakteria, hasa streptokoki, huenda kinyume: huanzia mguuni na kupanda kinenani. Ikumbukwe kuwa wekundu unaosisitizwa vitabuni huenda usionekane katika ngozi nyeusi. Joto la ngozi na maumivu yanapoguswa ni dalili za kutegemewa zaidi.

Shambulio hili la pili ndilo lenye hatari. Likitibiwa mapema kwa antibayotiki, homa hushuka ndani ya siku chache. Likiachwa, jipu huweza kutunga au bakteria wakaingia katika damu na kuhatarisha maisha. Hata linapopona huacha kovu ndani ya mshipa, mguu ukabaki mnene kuliko awali, na mguu mnene huvamiwa kwa urahisi zaidi. Chale zinazochanjwa juu ya uvimbe hufungua mlango mwingine.

Kuhusu matarajio, ugawaji wa kingatiba kitaifa ulianzia Mafia mwaka 2000 kwa ivermektini na albendazo. Dawa hizo hupunguza vijinyoo vya damuni na kukata uambukizaji. Haziondoi matende yaliyokwisha kukomaa. Kwa maoni ya mtafiti, mafanikio yakipimwa kwa idadi ya waliomeza dawa pekee, mgonjwa wa zamani huachwa nje ya hesabu. Nafuu yake imo katika kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kukausha katikati ya vidole, kutibu fangasi, kuuinua mguu na kuvaa viatu. Mashambulio hupungua kwa njia hiyo, lakini kwa anayelima pekupeku na kununua maji kwa dumu, ushauri huo una gharama. Busha hupasuliwa likaisha. Mguu wa matende hutunzwa maisha yote.