Uvimbe Usiouma Nao Upimwe Mapema

Uvimbe ukijitokeza pajani au begani na hauumi, si ajabu mwenyewe kuuacha. Hukandwa kwa mafuta ya nazi, au hudhaniwa kuwa ni jipu ambalo halijaiva, na miezi ikapita. Mara nyingi huwa ni uvimbe wa mafuta usio na madhara. Mara chache huwa ni sakoma, saratani inayoanzia kwenye tishu laini za mwili, yaani misuli, mafuta, kano, neva na mishipa ya damu. Saratani hii ni adimu, lakini hutisha kwa sababu mwanzoni huweza kukua bila maumivu yoyote.

Dalili za kuangalia

Wakazi wa Kwale wanahimizwa kwenda kituo cha afya kilicho karibu iwapo uvimbe unazidi kukua, umefikia sentimita 5, karibu ukubwa wa yai la kuku, uko ndani ya msuli, unauma, au uliwahi kukatwa kisha ukarudi. Dalili moja inatosha. Hakuna haja ya kungoja zote zitimie.

Saratani inavyofika mfupani

Mfupa umefunikwa na utando mgumu unaoukinga kama ukuta. Ndiyo maana sakoma nyingi za tishu laini huusukuma mfupa au kuuegemea tu bila kuuingia. Hata hivyo, uvimbe mkali au ulioachwa kwa muda mrefu unaweza kutoboa utando huo, ukala sehemu ngumu ya mfupa na kufika kwenye uboho. Hapo mgonjwa anaweza kupata maumivu makali, hasa usiku, na mfupa kuvunjika hata kwa kujikwaa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu. Mfupa ukiwa salama, mara nyingi daktari mpasuaji huweza kuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, na mguu au mkono ukabaki. Mfupa ukishaingiliwa, huenda sehemu yake ikaondolewa pia, na wakati mwingine kiungo chote.

Aina inayojulikana sana Afrika Mashariki ni sakoma ya Kaposi, iliyopewa jina la daktari Moritz Kaposi aliyeieleza mwaka 1872. Inahusishwa na virusi vya HHV-8, vilivyogunduliwa mwaka 1994, na huwapata zaidi watu ambao kinga yao imedhoofishwa na VVU. Kwa kawaida huanza kama madoa au vinundu vyeusi au vya zambarau kwenye ngozi, mara nyingi miguuni. Ikiwa ya aina inayochimba ndani, inaweza kufika kwenye mifupa ya mguu.

Kuna pia saratani inayoanzia ndani ya mfupa wenyewe na kutokeza nje kwenye nyama. Huonekana zaidi kwa vijana wanaokua, hasa karibu na goti. Kwa macho peke yake, ni vigumu kuzitofautisha.

Uchunguzi unavyofanyika

Kwanza daktari huuliza uvimbe ulianza lini na unakua kwa kasi gani, kisha huupapasa. Altrasaundi huonyesha kama ni maji au nyama ngumu. Eksirei huonyesha kama mfupa umeliwa au kuvunjika. MRI ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi mipaka ya uvimbe kwenye msuli, na kama umeingia kwenye uboho. CT skani ya kifua hutafuta iwapo saratani imesambaa, kwa kuwa mara nyingi sakoma hukimbilia mapafuni.

Jibu la mwisho hutoka kwenye biopsi. Daktari huchukua vipande vidogo vya uvimbe, mara nyingi kwa sindano maalumu, na mtaalamu wa patholojia huvichunguza kwa darubini. Biopsi haisababishi saratani. Hatari iko kwenye kuukata uvimbe kiholela kabla ya kupigwa picha na kujua ni nini, kwani chembe za saratani zinaweza kubaki na kufanya upasuaji wa pili kuwa mgumu zaidi.

Pa kuanzia

Mkazi anaweza kuanzia kwenye zahanati, au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye atamwelekeza. Kutoka hapo mgonjwa hupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni, na inapohitajika, hadi Hospitali ya Coast General mjini Mombasa, yenye kituo cha saratani. Ni vyema kujisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na kubeba barua ya rufaa pamoja na picha na majibu yote ya awali, ili daktari anayefuata asianze upya.

Mwenye uvimbe asingoje uume. Ukianza kuuma, huenda tayari umefika mfupani.