Kofia za Watoto Wachanga wa Kigoma

Mtu wa Visiwani akiambiwa kwamba mtoto wa Kigoma ahitaji kofia ya uzi, huenda akacheka. Mji ule na jirani yake Ujiji viko kando ya Ziwa Tanganyika, na joto la huko mchana si haba. Lakini mtoto njiti haipimi baridi kama tuipimavyo sisi watu wazima. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, ngozi ni nyembamba, mafuta hana, na huzaliwa akiwa amelowa. Upepo wa ziwa wa alfajiri, au baridi ya Juni na Julai kule juu Kasulu, watosha kumwondolea joto ambalo hana nguvu ya kulirudisha.

Hesabu zenyewe hazina mzaha. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Waliohusika wanastahili pongezi. Lakini vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa 25, vikawa 24 tu. Mtoto mkubwa ameokolewa. Mchanga amebaki karibu pale pale.

Tusidanganyane, kofia si dawa. Dawa ya kwanza ya baridi ni kifua cha mama. Mtindo wa kumfunga mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, ulianzia Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kuwa kumweka mtoto huyo kifuani mara tu azaliwapo hupunguza vifo kwa robo. Naye hapo kifuani hukaa uchi, isipokuwa nepi, soksi na kofia. Hivyo kofia si pambo katika matibabu hayo. Imo.

Sasa, ni nani asiyejua kwamba mikono ya kuifuma tunayo? Wanawake wa Unguja na Pemba hukaa wiki nyingi wakishona kofia moja ya viua. Barani nako, Ujiji ikiwemo, vitambaa vya kufuma hufunika makochi, meza, hata redio. Hatuwalaumu wenye nyumba, maana vitambaa hivyo vinapendeza. Ila twaona ajabu redio ivae na mtoto akose.

Kofia ya mtoto njiti ni kazi ya jioni moja kwa mkono uliozoea. Kichwa cha mtoto wa mimba ya miezi saba chaweza kuwa na mzingo wa sentimita 28 hivi, na cha aliyetimiza siku zake 34 au 35. Basi zifumwe saizi mbalimbali, zenye kunyumbuka. Zisiwe na vifungo wala kamba za kufunga shingoni. Uzi uwe laini na wenye kustahimili maji ya moto, kwani sufu halisi hunywea ikichemshwa, na kofia ya wodini haina budi kufuliwa mara kwa mara. Tena ziwe nyingi, kwa sababu kofia iliyolowa humpoza mtoto badala ya kumpasha joto.

Kwa viongozi wahusika tuna machache. Vikundi vya akina mama vipatiwe uzi. Wauguzi wa Hospitali ya Maweni na wa vituo vya kandokando ya ziwa waulizwe kwanza wanataka saizi zipi na ngapi. Kofia zifike wodini bila kungoja mgeni rasmi wala hotuba. Furushi la kofia 100 ni jepesi kuliko mkungu wa ndizi. Meli za kwenda Dar es Salaam zipo, na reli ilikwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914.