Kabla hujakiponda kwa jembe, kitazame vizuri

Hebu jione: umeenda ushago Taita likizo hii, nyanya amekukabidhi jembe, na hata hujamaliza mstari wa kwanza, udongo unatoa kitu chembamba kinachojinyonganyonga. Moyo unasema nyoka, macho yanasema nyungunyungu. Mkono nao tayari umeinua jembe.

Ngoja kwanza. Huenda si nyoka wala nyungunyungu. Huenda ni sesilia, amfibia kama chura, ila hana miguu na maisha yake ni ya chini ya udongo.

Sasa utamjuaje?

Anza na ngozi. Nyoka ana magamba, hata wale wadogo wanaoishi ardhini. Ukiona magamba, usiguse, rudi nyuma. Sesilia hana magamba ya kuonekana. Ngozi yake ni laini, ina unyevunyevu, na mwili umezungukwa na pete.

Pete hizo ndizo huwafanya watu wamwite nyungunyungu. Basi angalia anavyosonga. Nyungunyungu hana mfupa, hivyo hurefuka na kufupika kama mpira. Sesilia ana uti wa mgongo, kwa hivyo hujipinda.

Mwisho, kichwa. Sesilia ana taya na meno, na chakula chake ni mchwa na, amini usiamini, huyo huyo nyungunyungu mnayemfananisha naye! Macho usiyatafute, yamefichwa chini ya mfupa wa fuvu.

Mbona ujisumbue na haya yote? Kwa sababu Taita wapo wa ajabu. Yule wa Milima ya Taita, mweusi wa kibuluu, hulisha watoto wake kwa ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya juu hunenepa na kujaa mafuta, watoto huibambua kwa meno maalum, kisha mama huota nyingine. Wanasayansi walitangaza jambo hilo mwaka 2006.

Mwenzake anaishi kilima cha Sagalla, karibu na Voi. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2005, na hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Tayari yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Anahitaji udongo laini wenye unyevu, na miti ya asili inapokatwa na mikaratusi kupandwa, udongo huo hukauka.

Kwa hivyo ukimfukua, usipige kelele wala usimpeleke nyumbani kwenye chupa ili upate video ya kuposti. Mfunike kwa udongo mbichi penye kivuli, kisha endelea kulima. Nyanya akiuliza mbona umesimama, mwonyeshe hizo pete.

Simba wakiisha Kenya, bado utawapata Tanzania. Huyu wa Sagalla akiisha, ameisha.