Ruzuku ya baiskeli Kampala: Mfadhili akiondoka, nani atanunua spoki?

WAFANYABIASHARA wa mpakani hawahitaji semina ya kufundishwa faida ya baiskeli. Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, pale vijana walipoanza kuvusha abiria na mizigo kwa baiskeli. Hapakuwa na mfadhili wala andiko la mradi. Abiria alilipa nauli, na sehemu ya nauli ikanunua tairi, tyubu na spoki. Pikipiki zilikuja baadaye, zikachukua jina na abiria pia.

Nayasema haya kwa sababu ndugu zetu wengi wanaorejea kutoka ughaibuni hurudi na wazo la baiskeli. Anataka kuleta kontena la baiskeli za mitumba, aunde kikundi cha vijana mtaani Kampala, kisha aombe ruzuku. Si wazo baya hata kidogo. Lakini fedha za mradi zikiisha, nani atanunua spoki?

Fedha zenyewe zipo. Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, una programu ya ruzuku ndogo iliyoanza mwaka 1992 na kusimamiwa na UNDP. Programu hiyo husaidia vikundi vya kijamii na asasi, na kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, nalo lilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao Share the Road, unaotetea waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Mpango huo uliisaidia Uganda kuandaa sera yake ya usafiri usiotumia injini, iliyotoka mwaka 2012. Mwaka 2016, UNEP ilizitaka serikali zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya watu hao.

Utauliza, sera inamsaidia nini mtu mwenye magunia? Jibu liko karibu na Kikuubo, unakonunulia bidhaa kwa jumla. Hapo jirani, katika Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum, Mamlaka ya Jiji la Kampala ilijenga njia ya mfano ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kwa ninavyoujua mji huu, njia isiyolindwa hugeuka haraka kuwa meza ya mchuuzi na kijiwe cha pikipiki. Simlaumu mchuuzi, naye ana watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba zege hujengwa mara moja, ilhali kuzungumza na wachuuzi, madereva, polisi na madiwani ni kazi ya kila siku.

Ndiyo maana naipenda njia ya FABIO, asasi yenye makao yake Jinja. Wao wamefanya mambo mawili kwa pamoja: kuwapatia watu baiskeli, zikiwamo ambulensi za baiskeli za kubeba wagonjwa vijijini, na kutetea haki ya mwendesha baiskeli barabarani. Moja bila jingine halifiki mbali.

Kwa anayetaka kuandika andiko la mradi, ushauri wangu ni huu.

Kwanza, usiombe baiskeli peke yake. Omba pia vifaa vya gereji na mafunzo ya mafundi. Baiskeli zikopeshwe kwa awamu, zisigawiwe bure. Wanachama 40 wakichanga shilingi 1,000 za Uganda kila wiki, kwa mwaka wanapata 2,080,000. Huo ni mfuko wa matengenezo usiomtegemea mtu yeyote wa nje.

Pili, angalia spea kabla ya rangi. Baiskeli ya Ulaya yenye gia nyingi inapendeza macho, lakini kifaa chake kikivunjika huenda ukakizunguka mji mzima. Ile nzito ya gia moja, yenye keria ya chuma, hata fundi wa chini ya mwembe anaijua.

Tatu, sajili kikundi, fungua akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na tunza daftari la mapato na matumizi. Mfadhili makini huanzia hapo.

Nne, tenga fungu la utetezi. Kampala ina divisheni tano, na kila moja ina baraza lake. Kikundi kisichohudhuria vikao kisishangae barabara mpya ikijengwa bila nafasi ya baiskeli.

Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018. Siku hiyo huwa na hotuba na fulana nyingi. Mimi ningefurahi zaidi kusikia kila kikundi kilichopewa ruzuku kikisoma hesabu mbili tu mbele ya wananchi: baiskeli zilizopokelewa ni ngapi, na zinazotembea hadi leo ni ngapi.