Mgonjwa na Hofu ya Kazi Yake

Mtu anapougua katika visiwa vyetu, jirani kwanza humuuliza hali yake, kisha humuuliza kama amekwishafika hospitali. Liko suali la tatu ambalo haliulizwi kwa sauti, nalo ndilo linalomkesha mgonjwa kuliko homa yenyewe: atakapoinuka kitandani, je, kazi yake ataikuta? Suali hilo lipo katika nyumba za Mji Mkongwe, lipo Ng'ambo na Mwanakwerekwe, na lipo katika vijiji vya pwani ya mashariki ambako vijana wetu wengi wameajiriwa mahotelini. Tumeona yafaa leo tulitoe uvunguni na kulizungumza, maana jambo hili si la mgonjwa peke yake.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Walimsema yule anayeficha kwa aibu au kwa ukaidi. Hawakumjua mpishi wa siku hizi anayekohoa wiki ya nne mfululizo, akajifuta jasho na kuendelea kukaanga samaki, si kwa sababu anaona haya, bali kwa sababu mkataba wake wa miezi mitatu unakwisha mwisho wa mwezi na anajua kwamba majina ya watakaoongezewa yanaandikwa wiki hii. Mtu huyu haachi kwenda kwa daktari kwa ujinga. Amepiga hesabu, na kwa masharti aliyowekewa, hesabu yake ni sahihi. Kilichopotoka ni masharti yenyewe.

Kukohoa huko tumekutaja kwa makusudi. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hunywa dawa kwa muda wa miezi 6. Akianza dawa mapema na kuzifuata, aghalabu baada ya wiki chache za mwanzo huwa haambukizi tena, na akipata nguvu aweza kurudi kazini huku akiendelea na dawa zake. Basi anachohitaji kwa mwajiri ni wiki kadhaa za mapumziko, kisha kazi nyepesi, na ahadi kwamba nafasi yake haitapewa mtu mwingine. Akinyimwa hayo, atakaa jikoni na kifua chake, pamoja na wenzake wanane katika chumba kisicho dirisha, mpaka aanguke. Hapo serikali itamtibu yeye na wale aliowaambukiza, na hoteli itakuwa imepoteza watu watatu badala ya mmoja.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo wao ukaenea mji mzima hata ukawa mgomo wa wote, ukaendelea hadi Septemba. Madai yao yalikuwa ya ujira, lakini nyuma ya ujira ilikuwako hali yenyewe ya kibarua cha bandarini: mtu huchukuliwa kwa siku na kulipwa kwa siku. Siku aliyoamka na homa haikuwa na ujira, wala hapakuwa na aliyewajibika kuuliza kwa nini hakuonekana. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1965, matibabu yalitangazwa kuwa ni bila ya malipo kwa wananchi wote. Lilikuwa jambo kubwa, na wazee waliokuwapo wanalisimulia hadi leo. Lakini matibabu ni nusu moja ya ugonjwa. Nusu ya pili ni chakula cha watoto katika siku zile ambazo baba au mama yupo wodini Mnazi Mmoja, na nusu hiyo haikupata tangazo lake.

Sheria zipo, na si haki kusema kwamba hazipo. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, imeitambua likizo ya ugonjwa na imeweka masharti ya kumwachisha mtu kazi. Sheria ya Mahusiano Kazini, Namba 1 ya mwaka huo huo, imeweka njia ya kusuluhisha migogoro kabla ya kufika mahkamani. Ipo sheria ya fidia ya tangu mwaka 1986 kwa aliyeumia akiwa kazini. Watumishi wa serikali wana sheria yao ya mwaka 2011. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na aliyechangia hupata mafao akistaafu, na pia akithibitika kwamba hawezi tena kufanya kazi. Na tangu mwaka 2023 tunao Mfuko wa Huduma za Afya, ulioanza na watumishi wa umma. Mwenye kuitazama orodha hii kutoka mbali atadhani mgonjwa wa Zanzibar amefunikwa kwa mashuka saba.

Bali mashuka hayo, mtu akiyakunjua moja moja, ataona kwamba kuna pahali hayakutani. Mfuko wa afya humlipa anayetibu, haumlipi anayetibiwa. Fidia ni ya aliyeumia kazini, si ya aliyeugua figo au kisukari nyumbani kwake. Pensheni ya asiyejiweza ni ya yule ambaye hatainuka tena, nayo hutaka uthibitisho. Yule wa katikati, ambaye ataugua miezi mitano kisha apone, huyo anategemea mkono wa mwajiri peke yake. Mwajiri akiwa ni serikali, mshahara huendelea na faili huendelea. Mwajiri akiwa ni mwenye duka la nguo Darajani lenye wafanyakazi wawili, hata akiwa mwema, ataweza kwa muda gani kuwalipa watu wawili kwa kazi ya mmoja?

Tuwatazame jirani zetu. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2004, imempa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, kiwango cha chini ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika mwaka mmoja, kwa aliyekwishatimiza miezi miwili kazini. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, hulipa mwezi wa kwanza kwa ukamilifu, na ugonjwa ukiwa bado haujakwisha mwishoni mwa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba. Sasa iweke miezi 6 ya dawa za kifua kikuu kando ya siku 14 za Kenya, au miezi miwili ya Uganda. Hata zile siku 126 za Bara hazifikii mwisho wa dozi. Inaonekana waliozitunga sheria hizi walikuwa na malaria akilini, homa inayokuja kwa kishindo na kuondoka baada ya wiki. Visiwani kwetu malaria imepungua mno kwa juhudi ambazo dunia imezisifu, na nafasi yake imechukuliwa na maradhi yakaayo: shindikizo la damu, kisukari, saratani, figo. Maradhi haya hayamwangushi mtu mara moja akapona, bali humchukua siku mbili mwezi huu, wiki moja mwezi ujao, kisha kliniki kila baada ya muda. Mtu wa namna hii mwajiri humwita mvivu kabla hajamwita mgonjwa.

Na yako maradhi ya akili, ambayo mtu akionekana mlangoni Kidongo Chekundu, hadithi yake hufika kazini kabla ya cheti chake.

Ulimwengu umekwisha kulifikiri suala hili. Ujerumani iliweka bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1911, ambapo mfanyakazi alitoa peni 4 kwa wiki, mwajiri akatoa 3 na serikali 2, na mfanyakazi mwanamume akiugua alipata shilingi 10 kwa wiki hadi wiki 26. Tunazitaja peni hizo kwa sababu ya mpango wake: mzigo uligawanywa kwa watatu, kwa hiyo mwenye duka dogo hakuubeba peke yake. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika Mkataba Namba 158 wa mwaka 1982, kifungu cha 6, lilitamka kwamba kutokuwapo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Tatizo la kwetu ni kwamba siku hizi haachishwi mtu. Neno hilo halitumiki. Mkataba humalizika wenyewe. Utalii wetu huenda kwa msimu: ikifika masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za Kiwengwa, Nungwi na Paje hupunguza watu au hufunga, kisha hufungua Juni kwa mikataba mipya. Aliyeugua Februari hasikii kwamba amefukuzwa. Husikia kwamba nafasi zimejaa. Hana barua ya kuipeleka kwa Kamishna wa Kazi wala shauri la kulifungua, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna kosa lililotendeka. Ya mwaka 2020, ndege zilipoacha kuja kwa sababu ya maradhi ya korona na mahoteli yakafungwa, yalituonesha jinsi uzi huu ulivyo mwembamba, kwani watu waliotumikia miaka mingi kwa mikataba ya miezi walirudi makwao bila ya kujua wamdai nani.

Wako wengine ambao hata huo uzi hawana. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Mama wa Jambiani huingia majini maji yakitoka, akainama saa nyingi, akarudi na mzigo mbichi kichwani. Mgongo huuma, macho huwasha, ngozi hubabuka. Anayenunua mwani wake si mwajiri wake. Humlipa kwa kilo, na mwani usiovunwa hauna kilo. Vivyo hivyo hamali wa Darajani na rikwama lake. ZSSF hupokea michango ya hiari ya watu wa namna hii, na hilo ni jema, lakini mchango huo ni akiba ya uzee na kwa kiasi kikubwa haumwokoi mtu aliyelala leo. Mwezi Aprili 2016 serikali ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote waliotimiza miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Palisemwa kabla yake kwamba haiwezekani, na ikawezekana. Sisi hatuoni kwa nini mama wa mwani mwenye miaka 45, aliyevunjika mguu, asifikiriwe kabla hajafika 70.

Waajiri nao wana la kusema, na tutakuwa wadhalimu tusipolisikiliza. Wapo wanaojitia ugonjwa. Ile karatasi ya mapumziko, maarufu maofisini kwa jina la ED, imekwisha kuonekana mikononi mwa watu waliokuwa harusini. Kila karatasi ya uongo humwibia mgonjwa wa kweli, kwa kuwa humfanya mwajiri amtazame kila anayekohoa kwa jicho la shaka. Madaktari wanaoziandika kwa urafiki wafahamu hivyo, na vyama vya wafanyakazi visiwatetee watu wa aina hiyo. Lakini dawa ya karatasi ya uongo ni kuihakiki karatasi. Kumfukuza mwenye karatasi ya kweli si dawa yake.

Kwa upande wa serikali, tunaiomba Wizara inayohusika na kazi ilifikirie jambo moja kubwa na moja dogo. Kubwa ni mfuko wa ujira wa wagonjwa, wa kuchangiwa na watatu, ama ndani ya ZSSF ama kando yake, ili mwenye duka la Darajani na mwenye hoteli ya vyumba 200 wawe chini ya mwavuli mmoja, na ili mgonjwa asiwe mzigo wa mtu mmoja anayetamani kuutua. Tunajua kwamba michango ina mwisho na kwamba waajiri watalalamika. Hesabu ifanywe na wajuzi, ichapishwe, watu waione, kisha wabishane juu ya kitu kinachojulikana.

La dogo halihitaji fedha wala sheria mpya. Mikataba ya msimu huandikwa kabla ya Juni. Hapo ndipo maofisa wa kazi wangefika kwenye mahoteli, si kwa kuvizia, bali kwa taarifa, wakaomba orodha mbili: ya waliokuwapo kazini msimu uliopita, na ya walioandikwa upya. Majina yaliyomo katika ya kwanza na yasiyomo katika ya pili yasomwe moja moja, na kila moja liulizwe lilikuwa na vyeti vingapi vya daktari.