Salensa pekee au eksozi nzima? Mwenye pikipiki apime kwanza

BOMBA la moshi la pikipiki linapotobolewa na kutu, mwenyewe hukabiliwa na swali moja gerejini: je, abadilishe salensa pekee au ang'oe eksozi yote na kutia nyingine?

Salensa ni kile kikopo kinene cha nyuma ambacho kazi yake ni kupunguza kelele. Eksozi nzima huanzia kwenye kichwa cha silinda, moshi unakotokea, ikafuata bomba lililopinda hadi kwenye salensa yenyewe.

Katika pikipiki kubwa, sehemu hizo mbili aghalabu hutenganika. Fundi hulegeza kibano na bolti chache, akachomoa salensa kuukuu na kuchomeka mpya. Kwa kuwa bomba la mbele husalia lilivyokuwa, kwa kawaida injini haihitaji kurekebishwa. Mlio hubadilika na uzani hupungua, lakini nguvu haziongezeki sana.

Eksozi nzima ya kuongeza kasi ni jambo jingine. Hiyo huundwa ili moshi utoke upesi, na injini inapozunguka kwa kasi nguvu huongezeka. Hata hivyo, hewa inayoingia huzidi pia. Petroli isipoongezwa kwa kadiri hiyo, injini hushika joto kupita kiasi na vali zaweza kuungua. Ndiyo maana kabureta hubadilishiwa jeti, nayo pikipiki inayotumia kompyuta hupangiwa upya kiwango cha petroli. Plagi hufichua siri: ikiwa ya hudhurungi, mambo ni shwari, ikiwa nyeupe, petroli ni haba.

Kwa mhudumu wa bodaboda, hesabu ni tofauti. Pikipiki nyingi za kubeba abiria, za ukubwa wa kati ya sisi 100 na 150, zina bomba na salensa zilizounganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja. Kubadilisha salensa pekee humaanisha kukata kwa msumeno na kuchomelea. Gharama yake ni ndogo, ila kiungo kibovu huvujisha moshi na injini huanza kutoa milipuko midogo kila kasi inapopunguzwa. Rahisi huvunja upishi, walinena wahenga.

Bora mhudumu huyo anunue eksozi kamili ya muundo ule ule wa kiwandani, pamoja na gasketi mpya ya pale inapoungana na silinda. Haitamwongezea kasi, lakini haitamlazimu kugusa kabureta.

Wapo wanaong'oa viungo vya ndani ya salensa wakidhani kelele ni nguvu. Sivyo. Wataalamu wa afya huonya kuwa sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku yaweza kudhuru masikio, na mwendeshaji ndiye anayeshinda karibu na mlio huo. Isitoshe, Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka wa 2009.

Anayeitegemea pikipiki kwa riziki hana budi kujiuliza: anatafuta mlio, kasi, au chombo kitakachoamka kesho kikiwa kizima?